Sura ya 7: Mkumbi Haibebi Afrika kwa Misimu Mitatu

Kama gemu lenyewe limeniruhusu, kwa nini nijikataze? Wachezaji wa magemu ya umeneja huuliza swali hili kila mara, na mara nyingi kwa hasira kidogo. Kijana kaichukua timu ya daraja la chini, kamleta mshambuliaji kutoka Brazil kwa mkopo, gemu halikulalamika, mshambuliaji akafunga mabao arobaini, timu ikapanda. Kosa liko wapi? Wiki chache baadaye kijana huyohuyo anakuja na swali la pili: mbona gemu limeanza kuboa?

Ukiyatazama vizuri, maswali haya mawili ni ya ukoo mmoja. Sura hii inayajibu pamoja kwa kutumia timu ambayo haipo. Tuiite Mkumbi, kwa jina la Mkumbi ya Mbinga, nchi ya Wamatengo, mkoani Ruvuma. Magharibi, mlima unaposhuka, kuna Ziwa Nyasa na vijiji vyake vya wavuvi. Mashariki, mwendo wa kilomita takriban 100, iko Songea. Nimeichagua kwa sababu kila kanuni nitakayoitaja ina sababu yake pale pale, kwenye kahawa, barabara na uwanja. Msomaji wa Kigoma, Lamu au Bukavu atabadilisha majina tu.

Gemu la kukaa benchi

Gemu la umeneja ni lile ambalo wewe hupigi mpira. Hakuna kitufe cha kufunga bao. Unasajili, unapanga kikosi, unalipa mishahara, unauza, unatoa kwa mkopo, kisha unakaa kutazama maamuzi yako yakicheza. Mwingereza Kevin Toms alitoa la kwanza kupata umaarufu, Football Manager, mwaka 1982. Mwaka 1992 ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, wakaja na Championship Manager. Walipoachana na mchapishaji wao, yeye alibaki na jina, wao wakaondoka na programu pamoja na hazina ya data. Mwaka 2004 wakarudi sokoni wakitumia jina lile la Toms, Football Manager, ambalo ndilo linalotawala hadi leo. Kwenye simu ipo Top Eleven ya kampuni ya Nordeus kutoka Serbia, iliyoanza mwaka 2010, na mengine mengi ya aina hiyo.

Hata Fantasy ya Ligi Kuu ya England, inayowagombanisha wafanyakazi wa ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi kila Jumatatu asubuhi, ni binamu wa magemu haya. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unachagua wachezaji 15, na huruhusiwi zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Shikilia hapo kwenye watatu. Sijawahi kusikia mtu akiilalamikia kanuni hiyo kwamba inamwonea, na bila hiyo Fantasy nzima ingekuwa zoezi la kunakili kikosi cha timu inayoongoza ligi.

Katika Football Manager kila mchezaji ameandikwa kwa namba. Kasi, pasi, kichwa na ujasiri, kila kimoja kina alama kati ya 1 na 20, na nyuma ya pazia kuna namba mbili zaidi: uwezo wake wa leo, na kilele anachoweza kukifikia siku moja. Namba hizi hukusanywa na watu wanaozifuatilia klabu kwa karibu, na si za kubahatisha. Mwaka 2008 Everton ya England iliingia makubaliano ya kuitumia hazina hiyo katika kusaka wachezaji. Kwa hiyo gemu likikosa uhalisia, mara chache kosa huwa la data. Kosa huwa la meneja mwenye nguvu ambazo hakuna meneja duniani amewahi kuwa nazo.

Vinavyotolewa bure

Kompyuta hukupa bure vitu vinne ambavyo meneja wa kweli huvitolea jasho. Hukupa macho ya kumwona kila mchezaji duniani. Hukupa pesa isiyochelewa. Hukupa muda, maana msimu mzima unaweza kuisha mwisho wa wiki moja. Na hukupa nafasi ya kurudia: umefungwa, unazima, unafungua pale ulipohifadhi, mechi inaanza upya kana kwamba hakuna aliyeona.

Kanuni ya kujiwekea ni sharti ambalo gemu halikudai, ulilolitunga wewe ili kimojawapo cha vitu hivyo kirudi kuwa na bei. Hiyo ndiyo maana yake yote. Wamatengo walipoona mvua inaosha udongo wa milima yao hawakuhama mlima. Walichimba ngoro, vishimo vilivyopangwa kwa miraba mteremko mzima, maji yakasimama na kuzama taratibu badala ya kukimbia na rutuba. Ushindi wa bure nao hukimbia na rutuba. Ubingwa wa kwanza unashangilia, wa tatu unautazama, wa tano huukumbuki.

*Kwa kifupi: usijiulize gemu linaruhusu nini. Jiulize ni nini umepewa bure ambacho timu ya kweli ya mahali hapo ingekilipia.*

Ngazi zenyewe

Kabla ya kanuni, ijue nyumba unayoingia. Katika Afrika nzima, kwa miaka mingi ni Afrika Kusini peke yake ambayo ligi zake huja zikiwa tayari ndani ya Football Manager. Ligi ya Tanzania lazima itengenezwe na wachezaji wenyewe kwa programu ya kuhariri data, ambayo wenye kompyuta huipata bila malipo. Wapo wapenzi wanaofanya kazi hiyo, kama walivyo vijana walioziingiza Simba na Yanga, jezi na vyote, kwenye PES ya simu. Ukiingia kwenye kuhariri unaweza kuongeza mji, uwanja, na klabu iitwayo Mkumbi.

Usiiweke Mkumbi Ligi Kuu. Hapo ndipo wengi huharibu mapema. Timu ya kijiji huanzia ligi ya wilaya, ikashinda ikaenda ya mkoa, bingwa wa mkoa akaenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Kutoka hapo kuna First League, iliyoitwa zamani Daraja la Pili, halafu Championship, iliyokuwa Daraja la Kwanza, ndipo Ligi Kuu yenye timu 16. Katika gemu anzia Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, maana chini ya hapo data ni ya kubuni tupu. Hata hivyo una ngazi tatu za kupanda kabla hujamwona Simba kwa macho.

Macho

Mkumbi haina skauti. Skauti ni mtu anayelipwa kusafiri na kutazama wachezaji wa kusajiliwa, na mtu huyo anakula, analala, anapanda basi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuufunga mlango wa utafutaji. Msajili mchezaji ikiwa tu timu yako imewahi kucheza dhidi yake, au anatoka klabu ya Ruvuma, au amekuja mwenyewe kuomba majaribio. Unapoanza gemu, acha alama za wachezaji usiowajua zibaki zimefichwa. Football Manager ina chaguo hilo, ila wengi hulizima kwa pupa.

Kuna dhambi moja hapa yenye sura ya maarifa. Umesoma mahali kwamba kinda fulani wa miaka 16 nchini Ekuado atakuwa nyota, gemu lina jina lake, unakwenda moja kwa moja kumchukua. Meneja wa Mkumbi angemjulia wapi? Jina ulilolijua kabla ya kufungua gemu ni haramu kwako, hata kama lipo sokoni kwa bei ya chee.

Pesa ya kahawa

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo wachezaji wengi wanapotunga kanuni za ovyo. Utamsikia mtu anasema, "Nitatumia nusu ya bajeti." Kwa nini nusu? Kwa nini isiwe theluthi? Kanuni isiyo na sababu huvunjwa siku ya kwanza ya shida. Itafutie sababu katika ardhi ya timu yako, na ardhi ya Mbinga ina kahawa aina ya Arabika.

Mkahawa una tabia: ukizaa sana mwaka huu, mwakani hupumzika. Wakulima huishi na zamu hiyo ya msimu mzito na msimu mwepesi. Timu inayotegemea michango ya wakulima, wafanyabiashara wa mjini Mbinga na halmashauri itaishi nayo pia. Kwa hiyo bajeti ya Mkumbi inafuata mti. Msimu mzito unatumia fungu lote la mishahara ulilopewa na gemu. Msimu mwepesi unatumia asilimia 60 tu, na mchezaji anayezidi hapo anauzwa au anaachwa. Hilo peke yake litakulazimisha kufikiria mikataba ya mwaka mmoja na ya miaka miwili kwa namna ambayo gemu halijawahi kukudai. Ukimpa kiungo mkataba wa miaka mitatu mnono katika msimu mzito, umejifunga kamba: mwakani yuko palepale, mti umelala.

Halafu kuna wakati. Kahawa ya Mbinga huchumwa kuanzia katikati ya mwaka. Mkulima huipeleka chama cha msingi, yaani AMCOS, ushirika wa wakulima wa eneo moja, kahawa huandaliwa, hupelekwa mnadani, ndipo malipo yarudi. Dirisha kubwa la usajili nalo hufunguliwa katikati ya mwaka. Kwa maneno mengine, siku ambazo mashabiki wanadai wachezaji wapya ndizo siku ambazo kahawa ya mashabiki haohao iko kwenye magunia na pesa haijaonekana. Timu ya kweli ingesajili kwa ahadi. Wewe sajili kwa ahadi: dirisha kubwa chukua wachezaji huru na wa mkopo tu, wasio na ada ya uhamisho, na ununuzi wa kulipia uusubiri dirisha dogo la Desemba na Januari, pesa ikishaingia.

Bado bei. Bei ya kahawa haiamuliwi Mbinga. Februari 2025 Arabika ilivuka dola 4 kwa ratili kwenye soko la New York, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa, na miaka mingine huanguka hadi mkulima akajuta kupalilia. Hilo mpe dadu. Kila mwanzo wa msimu irushe mara moja. Ikitoka 1, malipo yamechelewa na hakuna usajili wa kulipia mwaka mzima. Ikitoka 6, bei ni nzuri na unaruhusiwa mchezaji mmoja nje ya bajeti. Zilizobaki, maisha ni ya kawaida. Nimewaona watu wakicheka wanapoambiwa warushe dadu pembeni ya kompyuta ya mamilioni, lakini kompyuta hiyo haijui kahawa.

Ukifika Ligi Kuu mambo hubadilika, na kanuni nazo zibadilike. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Klabu ya Ligi Kuu, hata ndogo, inaonja fungu hilo. Mkumbi ikifika huko, kahawa iwe nyongeza tu. Gharama nazo zinapanda. Uwanja usiokidhi masharti hufungiwa, na timu ndogo hulazimika kuhamia wa jirani, hivyo tuseme mechi zako za nyumbani ni Songea, kwenye Uwanja wa Majimaji, saa kadhaa kutoka kwa watu wako. Dar es Salaam ni safari ya takriban kilomita 1,000. Kigoma na Bukoba usiseme. Gemu huhesabu uchovu wa safari kwa huruma, kwa hiyo ongeza lako: kwa mechi ya Dar, Kigoma, Mwanza au Bukoba, mchezaji aliyecheza dakika zote 90 ndani ya siku nne zilizopita haanzi.

*Kwa kifupi: kanuni ya pesa iwe na kalenda, isiwe asilimia peke yake. Jua pesa ya mahali hapo inatoka wapi na inafika lini.*

Nani avae jezi

Wanaodhani kujiwekea masharti ni utoto wa gemu waitazame Athletic Club ya Bilbao. Kwa zaidi ya karne moja klabu hiyo ya Hispania imechezesha wachezaji wa asili ya nchi ya Wabaski, au waliolelewa kisoka huko, na hakuna sheria ya ligi inayoilazimisha. Haijawahi kushuka daraja. Wengine wenye sifa hiyo Hispania ni Real Madrid na Barcelona tu. Mwaka 2024 ilitwaa Kombe la Mfalme baada ya kulisubiri miaka 40. Miaka 40! Mchezaji wa gemu angekuwa ameshafuta kila kitu na kuanza upya.

Tanzania nayo ina mfano, ingawa hatuuiti hivyo. Klabu za majeshi, kama Tanzania Prisons ya Mbeya, JKT Tanzania na Mashujaa ya Kigoma, kwa desturi hucheza na wazawa, wakati klabu nyingine za Ligi Kuu zinaruhusiwa kusajili wageni hadi 12. Wanaishi ligi moja na Simba na Yanga, wanajilinda, wanawabania wakubwa pointi pale wasipotarajia. Ukitaka gemu gumu lisilohitaji kutunga chochote, chukua mojawapo ya timu hizo na uiheshimu desturi yake.

Kwa Mkumbi, sharti langu lina tabaka. Katika Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, wote 11 watoke Mkoa wa Ruvuma, isipokuwa wawili. Hao wawili ni mamluki. Aliyewahi kucheza ndondo anamjua mamluki: mchezaji wa kukodi anayeshuka kwenye pikipiki saa moja kabla ya mechi, jina lake kwenye fomu si lake. Kumfutilia mbali ni kuikana soka yetu ya mchangani, basi tumhalalishe kwa idadi. First League, nusu ya kikosi kiwe cha Ruvuma. Ligi Kuu, sita katika wachezaji 25 wawe wamezaliwa Mbinga au Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga, yenye Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Gemu huonyesha mji aliozaliwa mchezaji, kwa hiyo kanuni hii inapimika. Na mpe kila mmoja historia: beki aliyekulia milimani, winga aliyekulia ufukweni. Historia si kanuni, lakini inakufanya uwe mzito kumuuza.

Kumuuza nako kuwe na ngazi. Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akakaa huko hadi mwanzoni mwa 2016 alipokwenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akafika Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya England. Miaka tisa, nchi tatu, na huyo ndiye bora wetu. Gemu litakuletea ofa ya klabu ya Uingereza kwa kinda wako wa Liuli mwenye miaka 18. Ikatae. Kutoka Mkumbi mchezaji huenda klabu kubwa ya Tanzania au ya nchi ya jirani, basi.

Umefungwa, umefungwa

Kanuni ya kutorudia mechi ndiyo nyepesi kuandika na ngumu kushika. Msimu wa 2018/19 Simba, chini ya Patrick Aussems, ilikwenda Kinshasa ikafungwa 5-0 na AS Vita katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ikaenda Misri ikafungwa tena 5-0 na Al Ahly. Ndani ya wiki chache, mabao kumi. Weka hali hiyo kwenye kompyuta ya shabiki yeyote wa Msimbazi na utaona jinsi kidole kinavyokimbilia kitufe cha kufungua upya. Simba haikuwa na kitufe. Ilirudi nyumbani ikaifunga Al Ahly 1-0, na Machi 2019, dakika za lala salama, Clatous Chama akaifungia bao la pili dhidi ya AS Vita, 2-1, timu ikaenda robo fainali. Ukifuta zile tano-bila, bao la Chama linakuwa bao la kawaida la mechi ya kawaida.

Kwa hiyo hifadhi gemu kila baada ya mechi, juu ya faili lilelile, ili usiwe na pa kurudi. Umeme ukikatika katikati ya mechi, na Mbinga unaweza kukatika, mechi inachezwa upya kwa kikosi kilekile na mfumo uleule. Hilo tu ndilo samahani.

Kufukuzwa ukiwa na kombe mkononi

Wachezaji wetu wengi hunakili kanuni za uhalisia kutoka kwa Waingereza, na hapo uhalisia unakuwa wa Uingereza. Kwa mfano, huambiwa usisajili wachezaji wengi kwa dirisha moja maana si halisi. Tanzania? Klabu kubadilisha nusu ya kikosi kwa mwaka ni habari ya kawaida, magazeti huipa kurasa kwa furaha.

La makocha ni kali zaidi. Miguel Gamondi aliipa Yanga ubingwa wa 2023/24. Novemba 2024, baada ya kufungwa na Azam kisha Tabora United, akaondolewa. Akaja Sead Ramović, ambaye Februari 2025 aliondoka kwenda Algeria. Akaja Miloud Hamdi, na Yanga ikabeba ubingwa. Msimu mmoja, makocha watatu, ubingwa wa ligi. Bodi ya kwenye kompyuta haina moto huo. Itakuandikia barua ya kukuelewa. Basi jiwekee kanuni ya Gamondi: ukifungwa mechi mbili mfululizo za ligi, rusha sarafu. Ikikuangukia vibaya, unajiuzulu siku hiyohiyo na kutafuta timu nyingine, hata kama unaongoza ligi. Kwa Mkumbi ipunguze makali, mechi nne, kwa kuwa timu ya kijiji haina pesa ya kumlipa kocha fidia.

Dari

Timu ndogo inaweza kufika wapi bila kuwa hadithi ya uongo? Usikisie, tazama waliotangulia. Tukuyu Stars kutoka Rungwe walibeba ubingwa wa Bara mwaka 1986. Majimaji ya Songea, Wanalizombe wenyewe, walitwaa Ligi ya Muungano miaka ya 1985, 1986 na 1998, na mwaka 2018 wakashuka Ligi Kuu. Mbeya City ilipanda, na katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, ikamaliza ya tatu. Mwaka 2023 ikashushwa na Mashujaa kwenye mechi za mtoano. Namungo ya Ruangwa, mji wa wilaya huko Lindi, ilipanda mwaka 2019, mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani, ikaingia Afrika hadi makundi, na huko ikapoteza mechi zote.

Na wakubwa? Yanga ilifika fainali ya Shirikisho Afrika mwaka 2023 ikaikosa kwa USM Alger kwa bao la ugenini. Simba ilifika fainali hiyohiyo mwaka 2025 ikashindwa na RS Berkane. Hadi hapo hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imebeba kombe la Afrika. Kwa hiyo Mkumbi yako ikibeba Ligi ya Mabingwa katika msimu wa tatu Ligi Kuu, usijipongeze, zikague kanuni zako, kuna mlango ulioacha wazi. Msimu wa nane na kuendelea ni sawa kuota.

Kanuni za mapambo

Watu hupenda kuandika kanuni ishirini. Nyingi ni mapambo: kuvaa jezi wakati wa kucheza, kusalimiana na wachezaji kwa barua, kutumia mfumo wa 4-4-2 kwa sababu babu aliupenda. Hayana ubaya, ila yasihesabiwe. Kipimo changu ni kimoja: je, katika msimu uliopita, kanuni hii imekuzuia walau mara moja kufanya kitu ulichotaka sana kukifanya? Kama jibu ni hapana, haifanyi kazi. Kama imekuzuia kila wiki, imezidi, utaivunja Februari.

Ukurasa wa daftari wa Mkumbi, msimu wa kwanza, ningeuandika hivi:

- Hakuna kumsajili mtu ambaye timu haijacheza naye, isipokuwa wa Ruvuma na wa majaribio.
- Mamluki wawili.
- Mwaka wa mti mzito, mishahara yote. Mwepesi, asilimia 60. Dadu moja kila Julai.
- Dirisha kubwa: huru na mkopo. Dirisha dogo: pesa, kama ipo.
- Faili moja la kuhifadhi. Kukatika umeme ndiyo sababu pekee.
- Vipigo vinne mfululizo, sarafu.

Sita zinatosha. Safari na ngazi za mauzo zisubiri timu ipande.

Kanuni inabadilishwa lini

Real Sociedad, majirani wa Bilbao kule San Sebastián, nao walikuwa na desturi ya kuchezesha Wabaski watupu. Mwaka 1989 waliiacha, wakamsajili John Aldridge kutoka Liverpool. Klabu haikufa wala haikupoteza jina. Kanuni yako nawe unaweza kuibadilisha, mradi ubadilishe Juni, ligi ikiwa imekwisha, na uandike sababu kwenye daftari kabla hujaona orodha ya wachezaji walioko sokoni. Ukibadilisha Machi, timu ikiwa nafasi ya 14 na mshambuliaji wako wa pekee kavunjika mguu, hiyo ni kufungua mechi upya kwa mlango wa nyuma.

Na ikitokea Mkumbi imeshuka, kanuni zote za daraja la juu zinakufa usiku huohuo na za chini zinarudi, mamluki wawili wakiwamo. Wale wageni uliowasajili Ligi Kuu waache wakamilishe mikataba yao, lakini usiwaongeze hata siku moja. Mishahara yao utailipa kwa fungu la mti mwepesi, kama zamu imeangukia hapo.